Muulize Shangazi: Wakisema amina tu, matusi yanaanza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto 3, tunakaa Mikindani hapa Mombasa, baba yao anafanya kazi ya shifti bandarini kwa hivyo jioni mara nyingi ni mimi na watoto na dada wa kazi. Kila siku saa mbili usiku tunafanya ibada, tunaimba, tunasoma neno, halafu nawaambia yale makosa waliyofanya siku nzima kisha tunaomba. Shida ni hawa wawili wakubwa, wa miaka 10 na 7, midomo yao haina breki. Juzi hata amina haijakauka mdomoni, mkubwa akamwambia mwenzake "sogea huko, pua kama kiazi karai", na dada wa kazi naye wanamwita mjinga ndani ya nyumba yangu. Waefeso 4:29 wameikariri, ile ya neno lo lote lililo ovu lisitoke vinywani mwenu, wanaisema kama maji lakini wapi. Jirani ananiambia niwatie pilipili mdomoni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kiazi karai imenichekesha, nisamehe, nitarudi kwayo.

Pilipili iache kwa viazi. Mtoto ukimtia pilipili atajifunza kukuangalia uko wapi kabla ya kutukana, basi, tusi lenyewe litabaki palepale.

Sasa nikwambie kilichonishtua mimi kwenye barua yako, si matusi, ni hiyo sehemu ya "nawaambia makosa yao ya siku nzima". Mama, hapo si ibada tena, hapo ni baraza la chifu! Mtoto ametoka shule amechoka, anasomewa neno kisha anasomewa mashtaka mbele ya ndugu zake, akitoka hapo ana hasira na haezi kukujibu wewe, kwa hivyo anamtafuta aliye chini yake, na aliye chini yake ni mdogo wake na dada wa kazi. Makosa zungumza na mtoto mwenyewe, pembeni, saa ileile yanapotokea.

Hiyo Waefeso 4:29 pia mmeikata katikati, na si nyinyi peke yenu, watu wengi huishia kwa "lisitoke". Mbele yake inasema "bali lililo jema la kumfaa mwenye kuhitaji". Hapo ndipo pa kufanyia kazi na watoto. Kila mtu jioni aseme neno moja aliloambiwa leo likamfaa, na nani alimwambia. Siku za kwanza watanyamaza au watakuletea mchezo, we ngoja tu, na anza wewe.

Na dada wa kazi akiwa anaosha sufuria jikoni wakati nyinyi mnaimba, hilo pia watoto wanalisoma. Mwite aketi, achague wimbo, aombewe kwa jina lake. Halafu jisikilize uji ukiungua asubuhi unamwitaje. Sisemi ni wewe uliyewafundisha neno mjinga, lakini hawakulitoa angani.

Mimi wangu walipokuwa wadogo tulikuwa tunakaa Kisauni, na pale Kengeleni unajua kuna ile kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisheni wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilikuwa inapigwa kuwaonya watu majahazi ya wauza watumwa yakionekana. Nikawasimulia usiku mmoja kwenye ibada pamoja na Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu", tukakubaliana yeyote akisikia neno baya linakuja anasema "kengele!" na aliyekuwa anaongea anafunga mdomo, anavuta pumzi, anaanza tena upya. Hakuna kubishana, na hakuna mtu mkubwa kuliko kengele.

Wee! Wiki ya kwanza nilipigiwa mimi kuliko mtu yeyote. Siku moja niko kwa simu namgombeza fundi wa mfereji, nasikia kutoka chini ya meza "kengele". Nilikasirika kweli, lakini ilibidi nimwambie fundi samahani naanza tena, na watoto wananitazama. Siku hiyo ilifanya kazi kuliko mahubiri yangu ya mwaka mzima. (Watakudanganya pia, wangu walikuwa wanapiga kengele nikiwanyima chapati. Waambie kengele ni ya maneno, si ya maamuzi.)

Kuhusu kiazi karai, utani wa ndugu usiuue wote, sisi wa Pwani tungeongea nini? Angalia tu uso wa anayetaniwa, akiwa hacheki huo si utani tena, anayetania aombe msamaha kwa kutaja alichosema, sio "haya sori".

Saa mbili usiku kwa wa miaka 7 naona mmechelewa, fanyeni kabla ya chakula, dakika 15 zatosha. Baba akiwa shifti arekodi sala fupi kwa WhatsApp muisikilize, wasidhani upole ni kazi ya mama.

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miaka 4 ameokota tusi kwa makanga wa matatu ya Likoni, akilisema wajomba zake wanacheka na yeye anarudia. Tumchape?

JIBU: Wachapwe wajomba. Huyo mtoto hajui maana, anachojua ni kwamba akilisema anapata kicheko. Waambie wote nyumbani nyuso zikauke, usipige kelele pia maana kelele nayo ni zawadi, sema "hapa kwetu hatusemi hivyo" halafu mpe neno jingine la kuchezea mdomoni, refu na la kuchekesha. Wangu nilimpa "kinyongamkaaaa!", na mwishowe alikuwa analipigia kelele feri nzima.