"Put off" ni kuahirisha tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Tanga. Juzi mgeni aliniambia, "I was put off by the smell in the corridor." Shuleni nilifundishwa kwamba "put off" ni kuahirisha, kwa hiyo nilimjibu kwamba tunaweza kumbadilishia tarehe, naye akabaki akinitazama. Je, vitenzi hivi vya maneno mawili vina kanuni yoyote, au ni vya kukariri tu?

JIBU: Marahaba. Usione haya, kwani hata Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba vitenzi vya aina hii huwatatiza sana wageni wanaojifunza lugha hiyo.

Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu yake. Ukikutana na "put off", jiulize kwanza ni nini kilichotendwa. Katika "The meeting was put off until Friday", kilichotendwa ni mkutano, na mkutano huahirishwa. Katika sentensi ya mgeni wako aliyetendwa ni yeye mwenyewe, na kilichomtenda ni harufu. Hapo maana yake ni kwamba ile harufu ilimkirihi, ikamwondolea hamu ya kukaa. Sisi tunaosema kupiga pasi, kupiga simu na kupiga deki bila kumpiga mtu yeyote hatuna sababu ya kushangaa, kwa sababu katika Kiswahili pia neno linaloandamana na kitenzi ndilo linaloamua maana, na hakuna mtoto wetu aliyeyajua hayo kwa kukariri orodha. Aliyasikia ndani ya sentensi. Ndiyo maana nakusihi uandike daftarini sentensi nzima, si "put off" peke yake na tafsiri moja pembeni.

Kanuni ipo, nayo inahusu mpangilio. Unaweza kusema "We put off the trip" au "We put the trip off", lakini ukitumia kiwakilishi ni lazima kikae katikati: "We put it off", kamwe si "We put off it". Hata hivyo si vitenzi vyote vinavyokubali kutenganishwa. "Look after", yaani kutunza, hubaki pamoja: "She looks after them." Vivyo hivyo "put up with", yaani kuvumilia: "I can't put up with it."

Kuna pia makosa ya kwetu Afrika Mashariki, ambapo huwa tunapunguza au kuongeza neno. Tunasema "He didn't pick my call", ilhali Mwingereza angesema "He didn't pick up". Kisha tunasema "cope up with", wakati "cope with" inatosha. Hili la pili nalisahihisha karibu kila muhula, na naamini limetokana na kuchanganywa na "keep up with", yaani kwenda sambamba na mtu au jambo.

Mgeni mwingine akikueleza kero ya namna hiyo, mwambie: "I'm very sorry. We'll look into it right away." "Look into" ni kuchunguza, nacho hakitenganishwi.