Bao baada ya kiharusi ni tiba au kupoteza muda?

Dada uliyeuliza kama kumchezesha baba bao baada ya kiharusi ni kumpotezea muda: hapana, ni tiba, mradi kuna lengo. Kuna taaluma yake kabisa, tiba ya burudani. Ilikulia Marekani, ambako wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Msalaba Mwekundu uliendesha burudani kwenye hospitali za wanajeshi. Chama cha kitaifa kikaundwa 1966, na baraza la kuwathibitisha wataalamu 1981.

Msingi wake: pima mtu alipenda nini na leo anaweza nini, panga, fanya, kisha pima tena. Na anayechagua ni mgonjwa. Hili ndilo wengi wetu tunalikosea.

Baba yangu mdogo ni mvuvi wa Igombe. Mkono wa kulia ulilegea, na mpira wa kubana aliukataa katakata. Tukamwekea bao. Mwanzoni kete zilimponyoka, akawa anazisukuma kwa kiganja mpaka shimoni. Wiki kadhaa baadaye alizidokoa mojamoja kwa vidole viwili, huku akinituhumu nimemwibia! Hapo vidole vinafanya kazi, hesabu inarudi, na ana mtu wa kubishana naye.

Mazoezi ya viungo aliyopangiwa hospitali msiyaache, bao liende sambamba nayo. Na kama baba hakuwahi kupenda bao, usimlazimishe. Muulize, pengine moyo wake uko kwenye kushona nyavu, au kwaya.