Pikipiki iliyolala muda mrefu: maswali ya wasomaji na majibu

Kaka yangu alikwenda Muscat kikazi akaiacha pikipiki yake ya cc 125 barazani kwa mama, hapa Tanga, tangi likiwa na petroli nusu. Sasa ni miaka miwili na zaidi. Nimeongeza petroli mpya juu ya ile ya zamani, nikapiga kiki mpaka unyayo ukavimba, na haikuwaka. Nianzie wapi?

Anza kwa kuupumzisha mguu, maana kiki ndiyo kazi ya mwisho, wala si ya kwanza. Petroli iliyokaa miaka miwili haistahili tena kuitwa petroli: sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazoshika moto upesi, zimekwisha kuruka na hewa, na zilizobaki zimegeuka kuwa kitu chenye rangi ya chai na harufu ya vanishi, ambacho huganda kama gundi ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ukiichanganya na petroli mpya unaiharibu hiyo mpya bila kuifufua ile ya zamani. Itoe yote kwa mpira uiweke kwenye dumu lenye alama, kisha umulike ndani ya tangi kwa tochi. Na kwa kuwa nimewahi kuulizwa zaidi ya mara moja, naomba nilitamke waziwazi: petroli hiyo isitiwe kwenye jiko la mafuta ya taa hata tone, kwani hulipuka.

Baada ya hapo shughulikia silinda. Pikipiki ikilala, oili hutiririka chini na kuziacha ringi za pistoni zikiwa kavu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani ukuta wa silinda unaweza kushika kutu nyembamba ambayo kiki za nguvu huisaga kama msasa. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi ya injini kwenye tundu lake, uache mpaka kesho yake. Asubuhi, ufunguo ukiwa umezimwa na plagi ikiwa bado nje, sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, endelea mara kumi au kumi na tano ili oili ipande. Ikigoma, usiipigie nyundo wala usiisimamie kwa uzito wako. Ongeza oili na usubiri siku nyingine, au tia gia ya juu kabisa na uisukume mbele na nyuma kwa kiasi cha shubiri moja.

Usisahau kuchungulia chujio la hewa na bomba la moshi. Panya hupenda sponji la chujio kwa kutengenezea viota vyao, na nyigu wa udongo hupenda tundu lolote lenye ukubwa wa kidole. Badilisha oili ya injini hata kama ilikuwa mpya siku ya kuegeshwa, kwa sababu imekwisha kunywa unyevu. Kabureta nayo ifunguliwe na kusafishwa, kwa namna ninayoieleza hapa chini. Ndipo utie plagi mpya na nusu lita ya petroli safi, uvute choki, na upige kiki.

Ndani ya tangi langu kuna kutu. Fundi mmoja wa Mombasa anataka kutia asidi ya betri, mwingine anataka kokoto. Nimsikilize yupi?

Usimsikilize yeyote kati yao. Asidi ya betri hula kutu na bati kwa pamoja, na kokoto huacha vumbi la mawe ambalo utalikuta baadaye ndani ya kabureta. Ondoa koki ya mafuta, ziba tundu lake, ujaze siki nyeupe, na uiache siku nzima. Kama kutu ni nene, tia ndani nati chache ambazo umezihesabu, utikise kwa subira, kisha uzihesabu tena zinapotoka. Suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuiua siki iliyobaki, usuuze tena kwa maji matupu, na hapo ufanye haraka: bati lililosafishwa huanza kutu upya ndani ya dakika chache. Likaushe juani au kwa hewa ya pampu, kisha zungusha ndani yake petroli kidogo iliyochanganywa na oili. Kwenye mpira wa mafuta weka chujio dogo la plastiki linaloonyesha ndani, maana kutu haiishi siku moja.

Pikipiki yangu ilikaa miezi minane. Sasa inawaka, lakini choki ikiwa imevutwa tu. Nikiirudisha, inazima, na sailensa (kuunguruma yenyewe bila resi) haina kabisa. Niko Mwanza.

Dalili hiyo haina fumbo: jeti ndogo, yaani kijiskrubu chenye tundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, imeziba. Jeti hiyo ndiyo inayolisha injini wakati hujaongeza resi, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba petroli iliyoganda huliziba kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Choki ikivutwa, mchanganyiko unakuwa mzito, nao unaficha upungufu.

Shusha kabureta, fungua bakuli la chini, toa jeti zote mbili, na uziinue juani jicho likiwa karibu: usipoona nukta ya mwanga iliyo duara kamili, bado ni chafu. Zipulize kwa hewa ya kompresa baada ya kuzilowesha kwa dawa ya kusafishia kabureta, na mipira yote uwe umeiondoa kwanza, kwani dawa hiyo huivimbisha. Waya usitumie. Miaka mingi iliyopita nilichokonoa jeti ya pikipiki yangu kwa uzi wa waya wa breki. Iliwaka mara moja nami nikajiona fundi, ila tangu siku hiyo ilikunywa mafuta bila adabu na plagi ikawa nyeusi kama masizi ya sufuria, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na nilikuwa nimeipanua tundu. Wewe wa Mwanza unayo dawa jirani: kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki hupita kwenye tundu bila kulikwaruza. Na kabla ya kutoa skrubu ya kurekebisha hewa, ikaze kwanza taratibu mpaka mwisho huku ukihesabu mizunguko, uiandike, ili uirudishe ilipokuwa.

Ukimaliza, chungulia oili. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, pini ya floti (boya dogo la kabureta linalofunga petroli ikitosha) imekwama na mafuta yamevuja hadi ndani ya injini. Usiiwashe kabla ya kuimwaga oili hiyo.

Betri ya volti 12 inasoma volti 9 baada ya mwaka mmoja. Itafufuka?

Mara nyingi haifufuki. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 au zaidi, na ile inayoachwa tupu huota salfeti ngumu kwenye sahani zake. Kama ni ya kujazwa maji, ongeza maji yaliyotoneshwa, kamwe usiongeze asidi, kisha uichaji polepole kwa sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 5. Ipumzishe nusu siku. Ikishuka chini ya 12.4, nunua nyingine.

Nikitia gia ya kwanza pikipiki inaruka mbele na kuzima, hata nikiwa nimeshika klachi.

Sahani za klachi zimegandana. Iwashe ikiwa kwenye fri, yaani bila gia, iache ipate moto vizuri, izime, kisha tia gia ya pili, bana klachi, na uisukume mbele na nyuma mpaka usikie imeachia. Ikikataa, fundi afungue kifuniko cha klachi. Ukibadilisha oili tafuta yenye alama ya JASO MA, ambayo ni ya pikipiki zenye klachi inayooga ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayooga humo huteleza.

Tairi zangu bado zina meno marefu. Nizibadilishe kwa nini?

Tazama ubavuni, si menoni. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2318 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukiikunja mpira kwa kidole gumba na kuona nyufa, tairi hiyo imekwisha, meno au hakuna meno. Breki ya diski nayo ibadilishwe mafuta yake, kwa kuwa hunyonya maji kutoka hewani.

Bima imeisha. Naweza kuiendesha hadi kwa fundi tu?

Hapana. Sheria za Tanzania na za Kenya zinadai walau bima ya mtu wa tatu kwa chombo chochote kinachoendeshwa barabarani, na hazijali umbali. Ipakie kwenye guta.

Ninakwenda chuoni kwa miezi kumi. Niiache vipi?

Badilisha oili kabla ya kuondoka. Toa petroli yote, paka tangi oili kwa ndani, na ufungue skrubu ya chini ya kabureta mpaka tone la mwisho. Tia kijiko cha oili kwenye silinda, isimamishe kwa stendi ya kati juu ya mbao, ziba bomba la moshi kwa kitambaa, na uifunike kwa shuka, si kwa nailoni, ambayo hufungia unyevu. Betri itoke, ichajiwe kila mwezi. Usimwagize mdogo wako aiwashe dakika tano kila Jumapili: injini isiyopata moto wa kutosha huzalisha maji na kuyaacha ndani ya oili na bomba. Mwisho, funga karatasi kwenye usukani iliyoandikwa kwamba tangi ni tupu, silinda ina oili na bomba lina kitambaa, kwa sababu si lazima wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuikanyaga kiki.