Unaamka Saa Kumi na Nusu, Duka Linaamka Saa Ngapi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi, nina duka la vifaa vya ujenzi. Tangu Machi nimeamua kubadilisha maisha. Nilijiunga na mafunzo ya mtandaoni ya mhamasishaji mmoja kwa shilingi 150,000, na sasa nafuata ratiba ya watu waliofanikiwa: naamka saa kumi na nusu alfajiri, naoga maji ya baridi, natafakari, naandika malengo yangu, nakimbia hadi Shanty Town na kurudi, nasikiliza mafunzo, ndipo naenda kazini. Tabia hujengwa kwa siku 21, lakini mara tatu nimefika siku ya kumi na kitu mke wangu akanivuruga. Mara ya kwanza mtoto aliumwa usiku, akaniamsha. Mara ya pili alinilazimisha twende msibani Kibosho. Mara ya tatu alikataa tu kuniamsha. Nikitafakari, yeye anagonganisha sufuria za vitumbua vyake. Usiku, badala ya kuongea ndoto zetu, anaandika vitu vya mia mia kwenye daftari la shule la mtoto, na kila Alhamisi lazima aende kikoba. Mama yake alipokuja akaniambia, "Kwetu mwanamume akiamka mapema, ng'ombe ndio wa kwanza kujua." Niliona ni dharau. Mke wangu ni wa Machame, unawajua walivyo. Biashara inasuasua, ikifika saa nane nasinzia kaunta, na nyumbani sina sapoti. Nifanyeje aelewe maono yangu? Au nimrudishe kwao kwa muda, nijenge nidhamu kwanza?*

*Baba Wawili, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Mtu anayejiona amekwama akatafuta njia ya kujinasua simlaumu, na pole kwa uchovu. Sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu kimoja tu: saa unayofungua duka. Umeniandikia saa ya kuamka, saa ya kusinzia, mpaka siku ya kikoba cha mkeo. Saa ya kufungua duka haimo. Nimeihesabu mwenyewe. Uoge, utafakari, uandike, ukimbie kutoka Pasua mpaka Shanty Town na kurudi, usikilize mafunzo, uvae, unywe chai: hufiki dukani kabla ya saa tatu. Na duka la vifaa vya ujenzi lina saa zake. Fundi anaingia saiti saa moja. Kabla hajapanda jukwaa ameshamtuma kibarua misumari kilo mbili, waya wa kufungia na mifuko mitano ya saruji, kwa sababu mchanga umeshamwagwa na vibarua wanalipwa kwa siku. Huyo aliyetumwa hasubiri. Akikuta umefunga anavuka barabara. Akivuka siku tatu, siku ya nne hata hageuki kutazama upande wako. Wewe unapofungua, wamebaki wa balbu moja na wa koki ya bomba.

Biashara yako inasuasua hapo, mwanangu, hapo hasa. Unampa alfajiri yako yote mtu wa kwenye simu aliyekuuzia ratiba, na wale wanaokulisha unawafungulia jua likiwa limepanda. Ratiba ile huenda inamfaa yeye, ambaye kazi yake ni kurekodi mafunzo na hana kibarua anayegonga mlango saa moja asubuhi. Wewe unauza saruji.

Sasa nimtazame mwenzako, ambaye hakuniandikia.

Umesema mara ya tatu "alikataa tu kuniamsha." Hapo nilisimama. Kumbe siku zote yeye ndiye anayekuamsha! Maana yake saa kumi na nusu unapofumbua macho, mkeo yuko macho tayari. Nani anamwamsha yeye? Vitumbua si kazi ya kushtukiza asubuhi. Mchele unalowekwa jana yake, unasagwa, unachanganywa na tui na hamira, unaachwa uumuke, na alfajiri kikaango kiwe motoni ili wanafunzi na wapita njia wakute cha moto. Katikati ya hapo kuna watoto wawili wa kuogeshwa, kuvalishwa na kupelekwa shule, maana katika ratiba yako ndefu ile sikuona mahali pa watoto. Wao hukuwataja ila pale mmoja alipoumwa, na hata hapo ulimtaja kama kizuizi.

Halafu lile daftari. Unasema anaandika vitu vya mia mia. Mwanangu, hizo mia mia ndizo biashara. Sukari kiasi gani, mafuta kiasi gani, nani amekula vitumbua vitano hajalipa, jioni kimebaki nini. Mtu anayejua mia zake zimekwenda wapi anajua na maelfu yake. Wewe unaandika malengo kila alfajiri, lakini kwenye barua hujaniambia duka liliuza shilingi ngapi mwezi uliopita, wala mafundi wangapi wanadaiwa. Umesema tu linasuasua. Na kikoba anachokwenda kila Alhamisi bila kukosa, unajua ana hisa ngapi? Muulize. Nina hakika kiasi hicho si cha kudharau.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unamwona mkeo amebeba usufi kwa sababu hajakulalamikia. Umekwenda kulipia shilingi 150,000 ukafundishwe kuamka mapema, kufanya jambo lilelile kila siku, kuandika, na kuweka akiba, na mtu anayefanya yote manne analala ubavuni pako. Anayafanya bila kuyapa jina. Hukuyaona kwa sababu hayakuja na picha ya mtu aliyevaa suti.

Hiyo hesabu ya siku 21 nayo tuiweke sawa, kwa sababu umeigeuza fimbo ya kumchapia mkeo. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL cha London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, na matokeo yao yakachapishwa kwenye jarida mwaka 2010. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana, au kunywa maji, au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, akalifanya kila siku likiambatana na jambo lilelile. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo lile likaanza kujiendesha lenyewe. Waliowahi zaidi walichukua siku 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji hata 254. Na sikiliza hili: aliyekosa siku moja hakuharibikiwa. Kesho yake aliendelea, na tabia ikaendelea kujengeka. Kwa hiyo mtoto kuumwa hakukuvunjia kitu. Msiba wa Kibosho haukukuvunjia kitu. Ulivunja mwenyewe ulipoamua kwamba kukosa siku moja ni kurudi mwanzo, ukatafuta wa kumlaumu. Tena wao walichagua jambo moja. Wewe umejitwika sita kwa mpigo.

Na msiba! Unaniandikia kwamba mkeo "alikulazimisha" kwenda kuzika. Mwanamume wa Moshi anayehitaji kulazimishwa kwenda msibani ana tatizo kubwa kuliko ratiba. Siku yako ikifika, waliokaa na kutafakari majumbani mwao hawatakuchimbia kaburi. Mkeo alikuwa analinda jina lako kwa watu, na ulipaswa kumshukuru.

Kuhusu "mke wangu ni wa Machame, unawajua walivyo," hapo niliweka barua chini kwa muda. Siwajui walivyo. Ninamjua mmoja tu, huyu uliyenieleza, anayekaanga vitumbua alfajiri. Maneno hayo ya vijiweni yamevunja ndoa za watu wazuri katika mkoa huu, na watoto wako wawili nao ni wa tumbo la huyo Mmachame. Usiyaseme tena, hata kwa utani.

Mama mkwe wako hakukudharau. Alikupa kwa sentensi moja kile ulichokwenda kukinunua. Ng'ombe ndio wa kwanza kujua kwa sababu wanasikia majani yakiangushwa zizini. Mwanamume akiamka, kuna kiumbe kinachonufaika: ng'ombe anakula, mgomba unapata maji, mtoto anakuta moto umewashwa. Nami nimekulia Uru, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilichopitiwa na mfongo, mfereji wa maji ya mlimani. Mifereji hiyo ni ya kale, wageni waliopanda mlimani karne ya 19 waliikuta na kuistaajabia. Maji yalikuwa kwa zamu. Usiku yalijazwa kwenye nduwa, yaani kibwawa cha kuhifadhia maji, alfajiri mwenye zamu anafungua, na kila mtu anajua leo ni ya nani. Baba yangu hakuwahi kuwa na saa ya kengele. Zamu yake ikiwa alfajiri tulimsikia akichukua jembe gizani, na tulipoamka migomba ilikuwa imeshakunywa. Aliyelala zamu yake hakugombezwa. Maji yalikwenda kwa mwenzake, basi, akasubiri mzunguko mwingine huku maharage yake yakinyauka. Siku ya kuzibua mfereji, asiyetokea alitozwa faini. Ile ilikuwa ratiba, na ilishika kwa sababu ilifungwa kwenye maji na kwenye macho ya majirani. Mtu hakuamka ili aonekane ameamka. Zamu yako wewe ni saa moja asubuhi, na kila siku unailala ukiwa barabarani unakimbia.

Niseme kidogo na wengine mnaosoma, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Hili neno "sapoti" limeingia kwenye ndoa za siku hizi likaharibu hesabu. Zamani mtu aliuliza, nyumba yetu inahitaji nini? Sasa kila mmoja anakuja na ndoto yake mkononi akitaka mwenzake aishikilie. Mume ana maono, mke ana maono, na hakuna mwenye zamu ya kuosha vyombo. Mwanamke anayepika, anayelea na anayeweka akiba anaambiwa hana sapoti kwa sababu hajapiga makofi. Wanawake nao wapo, msidhani nawaonea wanaume: wapo wanaomwona mume asiyetuma maneno matamu kwenye simu kuwa hana mapenzi, na huyohuyo ndiye anayelipa ada kabla shule haijafungua. Mtazameni mtu kwa anachokifanya kila siku. Mapenzi ya nyumbani yanakaa kwenye mambo yanayorudiwa mpaka hayaonekani tena, na ndiyo sababu mnayakosa mkiwa mmekaa juu yake.

Turudi Pasua. Kumrudisha kwao, hapana. Sitaki hata kulijadili. Ukimwondoa, juma la kwanza tu utagundua kwamba aliyekuwa akiishikilia ratiba yako ni yeye.

Anza na usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ukisinzia saa nane mchana mbele ya wateja, maana yake usiku unachelewa kulala, na nadhani ni hayo mafunzo kwenye simu. Simu ibaki sebuleni saa tatu usiku, saa nne uwe kitandani. Amka saa kumi na moja, kwa kengele yako mwenyewe, mkeo apumzike na kazi ya kukuamsha. Ukishatoka kitandani, kabla ya kitu kingine chochote, washa jiko la mkaa na uteke maji ya watoto. Hilo ndilo jambo lako moja dogo la kufanya siku 66. Likikaa, ongeza kuwavalisha watoto na kutoka nao ukienda dukani. Duka liwe wazi saa moja kasorobo, mizani juu ya kaunta, wewe umesimama. Wiki ya kwanza mafundi hawatakuja, wameshakuzoea umefungwa. Wiki ya tatu kibarua mmoja atapita, akute mlango uko wazi.

Kukimbia ni kuzuri, usiache. Kimbia jioni ukishafunga, au Jumapili baada ya ibada, na mchukue mtoto mkubwa akusindikize kwa baiskeli. Kutafakari unaweza kutafakari ukisubiri maji yachemke.

Malengo acha kuyaandika kwa muda. Jioni kabla hujafunga, andika kwenye daftari umeuza nini, umenunua nini, nani anadaiwa, na mkononi kuna ngapi. Hujui kupanga hesabu hizo? Mwombe mkeo akufundishe, Jumamosi usiku, watoto wakilala. Kaa chini, mwache yeye ashike kalamu. Umwombe na radhi kwa yale ya Machame kama uliwahi kuyasema akasikia, na naona uliyasema.

Na ufunguo wa duka, chonga wa pili umpe. Siku mtoto akiumwa tena, mmoja wenu atakwenda naye hospitali na mwingine atafungua saa moja kasorobo.