Kifundo cha mguu kikiuma na baiskeli ndiyo kazi: majibu ya maswali yenu

Mvua zimeanza, njia za marumu zinateleza, na simu yangu imejaa maswali ya miguu iliyoteguka. Kazi yangu ni kutibu viungo hapa Tororo, na wengi wanaonijia hawana chombo kingine cha usafiri ila baiskeli.

Nabeba abiria kwa baiskeli Busia. Jumatatu nilikanyaga ukingo wa mtaro, mguu wa kushoto ukapindukia ndani. Umevimba ila natembea kwa kuchechemea. Nikikaa nyumbani watoto hawali. Nirudi lini kazini?

Pole sana, kaka. Kwanza tuhakikishe mfupa uko salama. Pande mbili za kifundo kuna mifupa inayochomoza. Bonyeza kwa kidole ncha yake ya chini, kisha upande wa nyuma kwenda juu kama sentimita 6. Halafu bonyeza ile nundu iliyo katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio juu ya uvungu wa wayo kwa ndani. Ukisikia uchungu juu ya mfupa wenyewe, au ukishindwa kupiga hatua nne, nenda upigwe eksirei. Kanuni hii ilitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, nami naipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote.

Kama mfupa hauumi, basi zilizovutika ni kano za upande wa nje. Siku mbili tatu za kwanza lala mguu ukiwa juu ya mto, uwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Usiukande kwa maji moto, wala usikubali mtu auchue kwa nguvu. Najua nyumbani watakuhimiza, lakini kano mbichi ikichuliwa huvimba zaidi.

Sasa kazi. Kukanyaga pedeli kwenye barabara tambarare hakukiumizi sana kifundo, kwa kuwa uzito wa mwili umebebwa na kiti. Kinachoumiza ni kupanda, kushuka na kusimama ghafla. Fikiria tunavyopanda: mguu wa kushoto juu ya pedeli, wa kulia unasukuma ardhi mara mbili tatu, kisha unarushwa juu ya keria. Kwa muda huo mwili wote umesimama juu ya mguu wa kushoto, ule ulioumia! Na abiria akitikisika ukiwa umesimama, utatua mguu wowote ulio karibu ili msianguke, na uzito wake, wako na wa baiskeli ya karibu kilo 20 utaishia kwenye kano hiyo.

Kwa hiyo anza peke yako, bila abiria, ukishaweza kutembea bila kuchechemea. Ilaze baiskeli kidogo, vusha mguu, kaa kwanza, ndipo uondoke. Ukisimama, tua wa kulia. Zunguka dakika 15 mahali tambarare, kisha kitazame kifundo asubuhi inayofuata. Kikiwa hakijavimba kuliko jana, ongeza kidogo. Mizigo midogo itangulie, abiria wafuate. Wiki hii mwachie mwenzako wa stendi baiskeli mgawane mapato, angalau nyumbani pawe na unga.

Nifunge bendeji nikiwa naendesha?

Ndiyo, wiki za mwanzo inasaidia. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, umekaza mno. Usilale nayo ikiwa imebana.

Mimi ni mwalimu, naendesha kilomita 9 kila asubuhi. Tangu ninunue baiskeli nyingine, nyuma ya mguu juu ya kisigino panauma, hasa hatua za kwanza nikiamka.

Mwalimu, hiyo ni kano nene ya kisigino, na nashuku kiti. Muombe mtu akushikie baiskeli, ukae, uweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Kama kisigino hakifiki, kiti kiko juu mno, na njia nzima umekuwa ukikanyaga kwa ncha za vidole. Mwambie fundi akishushe kidogo. Usogeze pia wayo mbele ili pedeli ikae karibu na katikati yake. Hapo kano hupumua. Sapatu ziache nyumbani, vaa viatu vinavyoshika kisigino.

Kila asubuhi na jioni simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, shusha kisigino polepole mara 15, pumzika, rudia hadi zitimie seti tatu. Ipe miezi mitatu. Lakini ukisikia kitu kimekatika "pa!" kama umepigwa jiwe, na huwezi kusimama kwa vidole, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwanangu wa miaka mitano alikuwa kwenye keria, mguu ukaingia kwenye spoki. Kifundo kimechubuka tu. Nipake dawa?

Mama, usiishie kwenye dawa ya kupaka. Mpeleke leo. Spoki husaga nyama kwa ndani wakati ngozi juu inaonekana ina mkwaruzo tu. Mwaka jana niliona kisigino cha mtoto kilichofungwa kitambaa nyumbani. Siku ya nne ngozi ilikuwa nyeusi na imekauka kama gome, na kidonda kilichukua miezi. Mifupa ya watoto ina sehemu laini ya kukulia karibu na kifundo, nayo ikiumia lazima iangaliwe. Uliza pia kama chanjo zake za pepopunda zimekamilika.

Na likitokea tena, msivute mguu. Simamisheni baiskeli, rudisheni gurudumu nyuma taratibu, kata spoki ikibidi. Spoki itanunuliwa nyingine. Fundi anaweza kufunga wavu au kipande cha jerikani kila upande wa gurudumu la nyuma, pamoja na vyuma vya kuwekea miguu. Nawasihi wazazi wote mfanye hivyo wiki hii.

Niliteguka mwaka jana, nimepona, ila kifundo kinapinduka kila mara.

Kano zimeshikana lakini kifundo kimesahau kujishika. Simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki, sekunde 30, pumzika, rudia. Ukizoea, fumba macho, mkono ukiwa karibu na ukuta. Fanya kila siku kwa wiki sita, na kwa sasa shuka kwenye baiskeli kwa mguu mzima.