Anza na Wino Mweusi: Ushauri kwa Wachoraji wa Mabango Yanayong'aa Gizani

Anayetaka kuchora bango la shujaa wa katuni kwa mtindo wa miaka ya 1970, ule unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno, mara nyingi hukimbilia pinki na kijani kikali. Mimi nashauri aanze na wino mweusi. Mabango ambayo kampuni ya Third Eye ya New York ilichapisha mwaka 1971 kutokana na michoro ya Marvel, wachapishaji wa katuni za mashujaa, bado yanafundisha jambo hilo. Kazi za Jack Kirby, mchoraji wa Marvel, ziliufaa sana mtindo huu kwa sababu vivuli vyake ni vizito na mistari yake ni minene, hivyo kila rangi imezungukwa na giza linaloifanya ionekane inawaka.

Ndiyo maana mimi huchora kwa wino mweusi pekee mpaka mchoro usimame wenyewe, na karibu nusu ya karatasi huiacha iwe nyeusi. Baada ya hapo rangi tatu zinatosha: chungwa usoni, kijani kwenye joho, na utepe mwembamba wa pinki ukifuata bega hadi kiwikoni. Utepe huo ndio unaomtoa shujaa kwenye giza, nami huutafakari kuliko sehemu nyingine yoyote.

Printa ya kawaida haifai, kwa kuwa wino wake hauna chembe zinazopokea mionzi isiyoonekana na kuirudisha ikiwa mwanga wa rangi. Chapa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa chenye matundu madogo, juu ya karatasi nyeupe, maana wino unaong'aa hupitisha mwanga na hufifia ukiwekwa juu ya rangi iliyokoza. Ingawa mchoro ulianza na nyeusi, wakati wa kuchapa nyeusi ije mwisho, ifunike kingo za rangi zilizotangulia. Karatasi nyingi za ofisini zina kemikali ya kuzidisha weupe ambayo hung'aa buluu chini ya taa na kuharibu pambizo, kwa hiyo nenda dukani na tochi ya urujuanimno uikague kabla ya kulipa.

Kwa taa yenyewe, tafuta ya nanomita 365 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kwani zile za bei nafuu za nanomita 395 humwaga mwanga wa zambarau unaofunika rangi ulizozihangaikia. Usilitundike bango mahali linapopigwa na jua, kwani rangi hizi hupauka upesi kuliko za kawaida, na hata taa hiyo huzichosha polepole. Iwashe watu wanapotazama, kisha uizime.