Deraya ya Mkono: Yanayowakwamisha Wanaoanza

Wanafunzi wengi wanaochagua deraya, vazi la chuma la askari wa kale, kama mradi wa karakana huanza na mchoro wa askari kamili: chapeo kichwani, dirii kifuani, mapaja na miguu vyote vimevikwa chuma. Ushauri wa kwanza ni kuufuta mchoro huo na kubakiza mkono mmoja, yaani bega, kiwiko na kigasha (kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono). Dirii inatisha kwa ukubwa, lakini kwa jicho la fundi ni sahani mbili zilizofungwa kwa mikanda, moja mbele na moja nyuma. Haina pa kujikunja. Mkono unajikunja, unainuka, unajizungusha, na kila sahani lazima impishe mwenzake. Deraya za wanafunzi haziharibikii kwenye kufua chuma. Zinaharibikia kwenye maungio, na maungio hupangwa kabla shiti, yaani bamba la chuma, haijanunuliwa.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ni za kadibodi, mkasi na gundi. Boksi nene la katoni halifai kwa sababu linabonyea popote. Tafuta manila nzito au pande za boksi la biskuti. Karatasi ya namna hiyo ina tabia ya shiti: inakubali kukunjwa upande mmoja, inakataa kukunjwa pande mbili kwa wakati mmoja. Inapokunjamana au kulazimika kuchanwa ili ikae, ndipo chuma kitakapodai nyundo. Inapozunguka kwa ulaini, chuma nacho kitazungushwa juu ya bomba bila ugomvi. Utaona mapema kwamba kigasha ni kazi ya bomba, na kombe la kiwiko, sahani yenye umbo la bakuli inayokifunika, ni kazi ya nyundo mwanzo mwisho.

Vipimo vichukuliwe ukiwa umekunja ngumi na kiwiko, na ukiwa umevaa nguo utakayovaa siku ya kuonyesha, kwani misuli ya kigasha hutuna. Halafu kuna hesabu inayowaponza wengi. Tuseme kigasha kina mzunguko wa sentimita 26 karibu na kiwiko na sentimita 17 karibu na kifundo cha mkono, na ndani unaweka sponji ya milimita 10. Mwanafunzi huongeza sentimita 2, moja kila upande, akaona amemaliza. Lakini mzunguko unaongezeka kwa 2 × 3.14 × 10, yaani milimita 63. Ile 26 inadai zaidi ya 32, na ile 17 inadai zaidi ya 23. Ukitaka mwanya wa sentimita 3 upande wa ndani wa mkono ili mikanda iweze kukazwa na kulegezwa, ndipo unatoa hizo 3. Asiyeifanya hesabu hii hutengeneza kigasha kizuri sana ambacho hakimwingii mtu.

Kwenye kiwiko, bonyeza kwa kidole utafute mifupa miwili inayotokeza, mmoja kila upande. Riveti za egemeo, yaani pini ambazo sahani huzunguka juu yake, zikae hapohapo. Zikisogea hata sentimita moja kuelekea bega, kombe litakuwa linapanda kila ukikunja mkono, na ukingo wa kigasha utakukwangua. Upande wa ndani wa kiwiko uache wazi, angalau sentimita 6 zisizo na chuma kabisa. Mkono ukikunjwa nyama hujaa hapo, na sahani mbili zikikutana zinaibana ngozi kama koleo. Begani weka sahani nne, kila moja ikilala juu ya mwenzake kwa milimita 20 hadi 25. Ukipunguza, mkono ukinyooka utaona nguo kwenye mwanya. Ukizidisha sana, zinagongana mkono ukiinuka.

Unga kadibodi hizo kwa pini za karatasi zenye miguu miwili, uzivae, kisha inua mkono mpaka sikioni, gusa bega la upande wa pili, kunywa maji. Kadibodi ikichanika mahali, hapo ndipo chuma kitakapokwama. Usihamie kwenye shiti mpaka uweze kunywa maji.

Shiti yenyewe inapatikana mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, lakini usiombe "bati". Ukisema bati utapewa la kuezekea, geji 28 au 30, jembamba na lenye zinki. Na geji ni kipimo cha kuchanganya: namba ikipanda, unene unashuka. Taja milimita: "Fundi, naomba shiti nyeusi ya milimita 1.2, vipande." Nenda na vernia (kifaa cha kupimia unene) mfukoni na upime mbele yake, hatakasirika, wanaojua kazi hupima. Hiyo 1.2 ndiyo geji 18, na ndiyo inayofaa mkono mzima. Ya 1.0 inatosha kwa kigasha, ila kombe likifuliwa linakonda katikati na mwishowe linatoboka. Ya 1.5 ni nzuri kwa mwenye mkono wa mhunzi; anayeanza atachoka kabla haijabonyea.

Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa kilo 28 hivi na itahitaji guta kuibeba. Huihitaji. Robo yake, futi 4 kwa 2, ina kilo 7 na inatosha mkono mmoja pamoja na makosa yako yote. Ombeni ikatwe dukani kwa mashine, mchange watu wanne. Kwa hesabu ya uzito kumbuka kipimo kimoja: kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha milimita 1.2 kina gramu 94. Mkono wa sentimita za mraba 1,800 utakuwa kilo 1.7 kabla ya ngozi na sponji. Deraya kamili za vita za Ulaya ya karne ya 15 zilikuwa na kilo 15 hadi 25 mwili mzima, kwa hiyo mkono wako peke yake ukifika kilo 4, kuna mahali umezidisha chuma.

Kuhusu zinki tusitaniane. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake mweupe ukiuvuta unakuletea baadaye homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni; moshi umekwenda kwenye mapafu. Usichomelee wala kupasha moto bati lenye zinki, basi.

Ukichagua alumini kwa ajili ya wepesi, jua kwamba haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Unaipasha ili ilainike, unaendelea kupasha, na ghafla kuna tundu. Sugua kipande cha sabuni ya mche juu yake kwanza. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, ondoa moto, joto limetosha.

Kukata: mkasi mzuri wa bati unakata 1.2 bila kelele, na kwa mistari ya kupinda ni bora kuliko grenda. Ukitumia grenda, diski nyembamba ya milimita 1 ni ya kukata tu. Usiisagie kwa ubavu, inapasuka. Soma kasi iliyoandikwa kwenye diski na uhakikishe haizidiwi na ya mashine. Diski ya inchi 9 iliyochongwa ikaingia kwenye grenda ndogo ni bomu. Kinga ya diski ibaki mahali pake, miwani machoni. Kwenye drili vua glavu za kitambaa, na kibane kipande juu ya ubao, kwa sababu shiti nyembamba ikinaswa na ncha huzunguka kama panga la feni. Kila ukingo upigwe tupa mara tu baada ya kukatwa, si mwishoni. Unaoshika kipande mara mia ni wewe.

Kigasha kizungushe juu ya bomba la inchi 2 au 3 lililobanwa kwenye jiliwa. Anza kwenye kingo mbili ndefu, uje katikati mwisho. Ukianza katikati, kingo zitabaki zimenyooka na hakuna nyundo itakayozirudisha vizuri. Tumia nyundo ya mpira au ya mbao. Ya chuma inaacha alama ambazo utazisugua kwa msasa wiki nzima.

Kombe la kiwiko ndilo lenye utamu. Tafuta gogo la mti mgumu, mwembe unafaa, uchimbe juu yake shimo lenye upana wa sentimita 15 hivi na kina cha sentimita 2 au 3, laini kama ndani ya bakuli. Weka shiti juu ya shimo na upige kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, ya gramu 600 hadi 900. Piga kwa mzunguko kutoka ukingoni kuelekea katikati, mapigo yakipandana nusu kwa nusu, na uzungushe kipande kila pigo. Usipige kwa hasira. Mapigo mengi ya wastani yanatandaza chuma. Machache ya nguvu yanaacha mashimo. Baada ya mizunguko miwili mitatu ukingo utaanza kufanya mawimbi kama pindo la gauni. Hapo acha kila kitu, geuza kipande na uyalaze mawimbi yote taratibu. Wimbi likiachwa likajikunja juu ya lenyewe, kipande hicho kimekwisha.

Utasikia pia sauti ikibadilika: mwanzoni pigo linatoa mlio mzito, baadaye mlio mkali na nyundo inaruka. Chuma kimekakamaa. Kipashe kiwe chekundu kilichofifia, kama nyuzi 700, ndani ya kivuli ili uone rangi, halafu kiache kipoe chenyewe. Usikitumbukize majini. Mwisho geuza kombe juu ya kipande cha shafti la zamani lililosagwa kichwa kikawa mviringo, ulainishe kwa nyundo bapa mapigo mepesi. Fundi wa kunyoosha bodi za magari atakufundisha hatua hii kwa nusu saa, vizuri kuliko maandishi yoyote. Nenda na shikamoo na soda.

Kingo zinazogusa mwili zikunjwe juu ya waya wa milimita 3. Acha ziada ya milimita 8 kwenye kiolezo kwa ajili hiyo, ongezeko ambalo wengi hulikumbuka wakati shiti imeshakatwa.

Sasa riveti. Zile za kuvuta kwa bunduki ni rahisi na ndizo kila mtu hukimbilia, lakini haziwezi egemeo: zinabana kupita kiasi au zinalegea, na mkia wake unakwaruza ndani. Zitumie kwa mikanda tu. Kwenye egemeo tumia riveti imara ya milimita 4, au msumari wa unene huo uliokatwa. Baki na mkia wa milimita 6, mara moja na nusu ya unene. Kabla ya kuufua, ingiza kati ya sahani mbili kipande cha manila; fua mpaka sahani zikaze, kisha ichane manila na uitoe. Nafasi inayobaki ndiyo inayoruhusu kiwiko kucheza bila kulegea. Bila manila, riveti itabana na utailegeza kwa nguvu mpaka tundu lipanuke.

Sahani za bega usiziunge kwa riveti za egemeo. Zishikize kwa ndani kwenye mikanda mitatu ya ngozi, kila mkanda ukipita sahani zote nne. Deraya za sahani za Warumi zilishikwa hivyo, na sababu ni ileile: ngozi inaruhusu sahani kuteleza na kuinama kwa pamoja. Fundi viatu ana ngozi na bizimu. Riveti zipigwe mkono ukiwa umeshushwa na sahani zimenyooka kwa urefu wake wote. Ukizipiga zikiwa zimekusanyika, mkono hautashuka tena.

Kutu ya Dar haisubiri. Chuma kilichosuguliwa jioni, kikaguswa kwa kidole chenye jasho, asubuhi kina alama ya kidole hicho kwa rangi ya kahawia. Sugua kwa msasa namba 80, 120, kisha 240, futa kwa tina (ile ya kuyeyushia rangi), na baada ya hapo shika kwa kitambaa tu. Ukitaka rangi nyeusi bila kupaka rangi, pasha kipande mpaka mafuta yatoe moshi mwepesi yakiguswa juu yake, upake mafuta ya alizeti kidogo sana kwa kitambaa, urudie mara tatu au nne. Ya alizeti hukauka yakashika kama ngozi nyembamba. Ya nazi na ya mawese hubaki yanateleza na kukusanya vumbi. Fanya kabla ya kuweka ngozi na sponji, bila shaka, kwa sababu ngozi haipendi moto. Rangi za mabakamabaka ya kijeshi usizikaribie hata kwa utani. Kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi ni kosa kisheria.

Usiijaribu kwa panga wala kwa kitu chochote cha hatari. Ni vazi la chuma laini, si kinga.

Siku ya kuiwasilisha, msimamizi atakunja mkono wako mwenyewe na kusikiliza. Mlio wa kukwaruza anaujua. Atauliza kwa nini 1.2, kwa nini riveti zile pale, kwa nini uliacha wazi ndani ya kiwiko. Kwa hiyo violezo vya kadibodi vyenye vipimo vilivyoandikwa kwa kalamu usivitupe, vipeleke navyo. Na deraya yenyewe ibebe ndani ya kiroba ukiwa na kitambaa kikavu cha kufutia. Ukipanda nayo daladala umeivaa, jasho la kuanzia Mbagala mpaka Posta litakuwa limeanza kazi yake kwenye riveti kabla hujafika.